Kazi ya Usafi na Dawa Zake

(Maelezo ya wanachama wafanyao kazi za usafi, yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kilele cha kutimiza miaka kumi ya kikundi, Chuno, Mtwara)



Kikundi cha akina mama kutimiza miaka kumi si jambo dogo. Wapo hapa waliokuwepo siku ya kwanza, wanakumbuka sanduku letu lilivyokuwa na kufuli tatu nje na ndani hakuna kitu cha kufungia. (Kicheko.) Lakini hayo yamekwisha elezwa katika risala, nasi hatutayarudia. Sisi tumepewa nafasi tuzungumzie kazi zetu, sisi wanachama tunaofanya usafi maofisini, hospitalini, mashuleni, kwenye nyumba za wageni na majumbani mwa watu.

Mtu anaweza kuuliza, siku ya sherehe, habari za kudeki vyoo zinatoka wapi? Zinatoka kwenye daftari la Mfuko wa Jamii. Tulipokuwa tukijiandaa kwa maadhimisho haya tuliketi na Mweka Hazina tukapitia misaada ya matibabu iliyotolewa kwa miaka yote. Tukaona kwamba kwa wanachama wanaofanya usafi, na wale wanaotengeneza sabuni, sababu zinajirudia: kifua, macho, mikono. Kifua, macho, mikono. Majina hatuyataji, lakini fedha zilizotoka ni zenu nyote, ni hisa za muuza samaki wa Shangani na za mama lishe wa sokoni. Ndiyo maana jambo hili si la wafagiaji peke yao.

Tuanze na kitu ambacho huku Kusini hakuna mama asiyekijua, nacho ni korosho. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Ukibangua bila kujikinga, mikono inachubuka, inabambuka, na mabaka meusi yanabaki kwa majuma. Kwa hiyo mbanguaji hupaka majivu au mafuta mikononi kabla hajashika ganda hata moja. Hakuna aliyemfundisha darasani, alimwona mama yake. Vivyo hivyo na salfa. Msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga ukifika, mpuliziaji hujifunga kitambaa usoni, na watoto huambiwa wakae upande upepo unakotoka. Watu wetu wanajua sumu, na wanajua kujikinga nayo.

Sasa sisi tukajiuliza: mama huyu huyu anayepaka majivu kabla ya kubangua, mbona akifika ofisini anatumbukiza mkono mtupu kwenye ndoo ya jiki? Tulivyoona sisi, ni kwa sababu korosho inakuonyesha ubaya wake siku ile ile. Jiki ni nyeupe kama maji, inauzwa dukani kando ya chumvi na viberiti, na harufu yake tumezoeshwa kuiita harufu ya usafi. Tena kazi yenyewe ya usafi haihesabiwi kuwa kazi ya kemikali. Fundi wa betri akishika tindikali watu humwambia ajihadhari. Mama akishika tindikali ya choo huambiwa afanye haraka, mgeni anakuja.

Tindikali na jiki havikai pamoja

Jambo linaloangusha watu upesi kuliko yote ni kuchanganya dawa. Tunaomba tulieleze kwa kirefu kidogo, maana hata ndugu zetu wasomi waliopo hapa huenda hulifanya majumbani mwao.

Mwenzetu mmoja, ambaye ameturuhusu tuyaseme haya bila jina lake, alikuwa akisafisha choo cha ofisi moja. Ni choo kidogo, na dirisha lake limepigiliwa mbao kwa kuogopa wezi. Alimwaga dawa ya kuondoa kutu kwenye choo cha kukaa, kutu ikagoma. Akaongeza jiki juu yake ili ziwe mbili zenye nguvu. Akasikia kinachemka kidogo kidogo, harufu kali ikapanda, akadhani ndiyo dawa inafanya kazi. Akapiga magoti asugue. Jamani, alitoka mle ndani anatambaa, machozi yanatiririka, koo limebana. Akakaa nje chini ya mwembe, akapata nafuu, akamaliza zamu. Jioni alirudi kwake akapika kama kawaida. Usiku ndipo pumzi zilipoanza kukata, akapelekwa hospitali, akalazwa siku nne. Ofisi ikasema huyu si wetu, ni wa kampuni ya usafi. Kampuni ikasema hana mkataba, ni kibarua. Aliyelipa ni Mfuko wetu wa Jamii.

Kilichotokea mle chooni ni hiki. Jiki ni klorini iliyofungwa ndani ya maji kwa njia ya chumvi iitwayo haipokloraiti ya sodiamu. Ikikaa yenyewe imetulia. Ikikutana na tindikali yoyote, iwe dawa ya choo, tindikali ya kusafishia marumaru, maji ya betri, siki au hata ndimu, klorini hufunguliwa ikatoka kama gesi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, mara mbili na nusu hivi. Haipandi juu ikatoka kwa tundu la dirisha. Inalala chini sakafuni, pale pale alipopiga magoti msafishaji. Ikiingia mapafuni inakutana na unyevunyevu na kugeuka tena tindikali, ndani yako. Ndiyo maana mtu anaweza kuona nafuu mchana na kuzidiwa usiku, mapafu yanapoanza kujaa maji. Gesi hii ndiyo Wajerumani waliyowafungulia maadui zao kule Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza. Silaha ya vita ya mwaka 1915 sisi tunaitengeneza chooni kwa bei ya chupa mbili.

(Kwa faida ya wale wanaosafiri: ndugu zetu wa Burundi na Kongo jiki huiita javeli. Jina limetokana na Javel, mahali palipokuwa pembezoni mwa Paris, ambako dawa hii ilianza kutengenezwa katika karne ya 18. Ukiona javeli, ujue ni ile ile.)

Kuna mchanganyiko wa pili ambao hauhitaji hata chupa ya pili. Mkojo uliolala hutoa amonia, ndiyo ile harufu inayochoma pua kwenye vyoo vya umma. Ukimwaga jiki nzito juu ya choo cha namna hiyo unapata gesi nyingine, nayo inawasha macho na kukaba kifua. Kwa hiyo choo husuguliwa kwanza kwa sabuni na maji, kikamwagiwa maji mengi, ndipo jiki iliyopimwa ifuate. Na pale penye kutu, tumia dawa ya kutu peke yake, umwage maji mengi, uishie hapo. Jiki iwe siku nyingine. Kama msimamizi anataka vyote kwa pamoja, mwonyeshe maandishi yaliyoko kwenye chupa zenyewe, maana yapo.

Na barakoa? Tuelewane hapa. Barakoa ya kitambaa, au ile nyepesi ya hospitali, inazuia vumbi na matone. Gesi haizuii. Kinachozuia gesi ni kutoichanganya, na kufungua mlango na dirisha kabla hujafungua chupa. Ukijikuta umechanganya, usibaki kusafisha makosa. Toka nje, wazuie wenzako wasiingie, kaa penye upepo, na kama kifua kinabana nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri usiku.

Kupima

Sisi tunaosimama hapa tumegundua kwamba wafanya usafi wengi hupima jiki kwa pua. Ikinukia sana wanasema imekolea, ikinukia kidogo wanaongeza. Hiyo ni hasara mara mbili, mapafu na fedha.

Akina mama wa kikundi hiki wanajua kugawa faida kwa hisa bila kukosea senti, basi hesabu hii haitawashinda. Soma kwenye lebo jiki yako ni ya asilimia ngapi. Chukua asilimia hiyo, igawe kwa asilimia unayotaka kutumia, toa moja. Jibu ndilo idadi ya vipimo vya maji kwa kipimo kimoja cha jiki. Mfano, jiki ya asilimia 3.5, na hospitali inataka nusu asilimia kwa mahali penye damu au matapishi. Tatu nukta tano gawa kwa nukta tano ni saba, toa moja ni sita. Kikombe kimoja cha jiki, vikombe sita vya maji. Wenzetu wa hospitali wanaimba hesabu hii hata usingizini. Lakini nguvu hiyo ni ya damu na matapishi. Kwa sakafu, meza na vitasa vya milango, Shirika la Afya Duniani wakati wa Korona lilishauri moja ya kumi ya asilimia, na hapo robo lita ya jiki hiyo hiyo inataka maji lita 8 na nusu. Na kwa sakafu ya sebuleni ambayo hakuna mgonjwa, sabuni na maji yanatosha kabisa. Hili wenye nyumba wengi hawapendi kulisikia, wanataka nyumba inukie.

Maji yawe ya baridi. Jiki kwenye maji ya moto inapoteza nguvu na kukutupia mvuke usoni. Itengenezwe ya siku ile tu, maana ya jana imechoka. Chupa isikae juani wala juu ya bati, kwa joto letu la Mtwara inaharibika upesi. Na uchafu uondolewe kwanza, kwa sababu jiki ikimwagwa juu ya tope humalizia nguvu zake kwenye tope.

Wakati ule wa Korona mtakumbuka watu walivyokuwa wakipuliziwa dawa mwili mzima wakiingia mahali. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba binadamu asipuliziwe dawa kwa hali yoyote ile. Tunalitaja kwa sababu mabomba yale ya kupulizia bado yamo kwenye stoo nyingi, na ugonjwa mwingine ukija atakayekabidhiwa bomba ni mfanya usafi.

Chupa isiyo na jina

Yule mwenzetu aliyelazwa hakuwa mjinga. Dawa zote mbili alikabidhiwa zikiwa kwenye chupa za maji ya kunywa, zimekatiwa kutoka madumu makubwa, hakuna hata herufi moja juu yake. Angejuaje? Kwetu sisi hilo ndilo kosa kubwa kuliko lile la kuchanganya, kwa sababu ndilo linalolizaa.

Na ubaya wake unavuka kazini ukafika nyumbani. Jiki ya kupima, dawa ya choo ya kupima, mafuta ya taa ya kupima, vyote vinauzwa mitaani kwetu kwenye chupa za soda na za maji. Mtoto wa miaka miwili anajua jambo moja tu kuhusu chupa ya soda. Akinywa, msimtapishe. Kitu kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda, na mafuta ya taa yakipanda huingia mapafuni. Msimlazimishe kunywa maziwa mkidhani yataondoa sumu, hayaiondoi. Msukutueni mdomo, mkimbizeni hospitali, na mchukue chupa yenyewe mkononi ili daktari ajue anapambana na nini. Hapo ndipo mtakapoona faida ya jina kwenye chupa.

Dawa ikiingia jichoni, maji safi, mara moja, kwa dakika 15 hadi 20 bila kukatiza, kope zimeshikwa wazi, jicho lililoumia likiwa upande wa chini ili dawa isitiririkie la pili. Dakika ishirini ni nyingi, jamani, jaribuni kuzihesabu. Ndiyo maana mahali penye dawa lazima pawe na ndoo ya maji iliyojaa kabla kazi haijaanza. Maziwa ya mama jichoni hapana. Tunajua bibi zetu walitufanyia, lakini kwa dawa hizi hapana.

Kwa watengeneza sabuni

Wanachama wetu kadhaa wamekopa kwa ajili ya kutengeneza sabuni, na marejesho yao ni mazuri, hatuna neno. Lakini malighafi yao ni kali kuliko za kwetu. Kostiki soda ikitiwa kwenye maji hupata joto lenyewe bila moto. Utaratibu ni kutia soda kwenye maji kidogo kidogo, kamwe si maji kwenye soda, maana maji yakimwagwa juu ya soda hulipuka na kuruka usoni. Chombo kiwe cha plastiki ngumu. Sufuria ya alumini inaliwa na soda na kutoa gesi inayoshika moto. Miwani ni lazima, kwa sababu tone moja la kostiki likiachwa jichoni dakika chache linaweza kuondoa nuru moja kwa moja. Na salfoniki ya sabuni ya maji ni tindikali, ingawa inafanana na asali.

Tena kuna fomalini. Wengine huitia kwenye sabuni ya maji ili isiharibike. Fomalini ndiyo inayotunzia maiti. Mwaka 2004 wataalamu wa taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani waliitangaza kemikali iliyomo ndani yake kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Anayeipumua zaidi ni yule anayekoroga pipa, si mnunuzi. Maoni yetu ni kwamba iachwe kabisa. Tengenezeni kidogo kidogo, sabuni ya kuisha ndani ya mwezi, na kwa mwenye biashara kubwa akaulize kwa wataalamu wa Mkemia Mkuu wa Serikali na wa TBS dawa nyingine ya kuhifadhia.

Mapafu ya miaka mingi

Yapo madhara yasiyopiga kelele. Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway kilichapisha mwaka 2018 utafiti uliowafuata watu 6,235 kwa muda wa miaka 20 hivi. Wanawake waliofanya usafi, kazini au majumbani kwao, mapafu yao yalichoka upesi kuliko ya wengine. Kwa wale wa kazi ya kuajiriwa, watafiti walilinganisha upungufu huo na wa mtu aliyevuta sigara 20 kila siku kwa miaka kati ya 10 na 20. Mwanamke wa hapa kwetu hajawahi kugusa sigara, akifika miaka hamsini anakohoa, na watu wanasema ni baridi ya alfajiri.

Kwa hiyo dawa ya kupuliza ipulizwe kwenye kitambaa, si hewani. Anayeugua pumu asipangwe vyooni. Glovu ziwe za mpira mnene, zile nyepesi za hospitali zinapasuka upesi. Zioshwe kabla hazijavuliwa, na iliyotoboka itupwe, maana glovu yenye tundu inaifungia dawa ndani na mkono. Viatu viwe vya kufunika, ndala hazikingi kitu. Mikono ipakwe mafuta baada ya kazi. Khanga uliyofanyia kazi usimfunikie mtoto.

Haki iliyoandikwa

Hapa tunaomba waajiri waliotutembelea watuvumilie. Mwaka 1999 Tanzania iliridhia Mkataba Na. 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unaohusu kemikali kazini. Mkataba huo unampa mfanyakazi haki ya kujua jina na hatari ya kitu anachokishika, na haki ya kuondoka penye hatari kubwa ya papo kwa papo bila kuadhibiwa isivyo haki. Nchini tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inayomtaka mwajiri kutoa vifaa vya kinga na kuvitunza. Mwajiri, si mfanyakazi. Akina mama wanaokatwa mshahara kwa ajili ya glovu na walijue hilo.

Ipo pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya mwaka 2008, iliyoanzisha Mfuko wa Fidia, WCF, na tangu mwaka 2015 waajiri huuchangia. Mchango ni wa mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara wako. Mfuko huo ndio uliowekwa kwa ajili ya mtu aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. Ule wa matibabu ya mwenzetu, ambao kikundi kiliubeba, ulikuwa mzigo wa huko. Ulikwama wapi? Ulikwama kwenye karatasi. Hakukuwa na mkataba, ajali haikuandikwa popote, na hospitali aliambiwa tu kwamba ana kifua. Kwa hiyo ukiumia kazini, msimamizi aandike siku ile ile, mwombe daktari aandike kwamba umepumua dawa kazini, na wewe utunze nakala. Anayetaka msaada wa kufuatilia aende OSHA, WCF, au chama cha wafanyakazi kama CHODAWU, kinachoshughulikia pia watu wa mahoteli na majumbani.

Na tusisahau kwamba wengi kati ya wanachama ni waajiri pia. Wana binti wa kazi nyumbani, katoka kijijini Tandahimba au Newala, hajawahi kuona choo cha kukaa. Anakabidhiwa jiki na dawa ya choo siku ya kwanza, na maelekezo yenyewe ni kwamba choo king'ae. Binti huyo hana kikundi, hana Mfuko wa Jamii. Mumwonyeshe kwa vitendo, mumnunulie glovu zake mwenyewe, na chupa mbili zile zisikae kwenye ndoo moja.

Maombi yetu kwa mkutano

Tumekuja na maombi, na tunaomba yaingizwe katika kumbukumbu. La kwanza linahusu mikopo. Mwanachama anayeomba fedha za kostiki, salfoniki au dawa za usafi za kuuza, bei ya miwani, glovu na chupa zenye lebo iwe ndani ya mkopo huo huo, na kamati ivione vitu hivyo kabla ya kumpa sehemu ya pili ya fedha. Tunajua wapo watakaosema tunawawekea wenzetu vikwazo. Tumeshindana kwa hili sisi kwa sisi kabla ya kuja hapa, na hatukukubaliana wote. Wachache wetu wanaona sharti hilo litawapeleka wanachama kwa wakopeshaji wa mitaani wasiouliza kitu. Hofu hiyo ina ukweli ndani yake. Walio wengi tunaona kwamba mkopeshaji wa mitaani hatamlipia mkopaji wake hospitali, na sisi tutamlipia.

La pili, Mweka Hazina aongeze safu moja kwenye daftari la Mfuko wa Jamii, aandike kama ugonjwa umetokana na kazi na kazi gani. Safu moja tu, rula na kalamu. Mwakani tutakuwa na hesabu ya kuwapelekea waajiri na ofisi za serikali badala ya maneno.

La tatu halihitaji kura. Mkutano ujao wa Jumamosi, kila mwanachama aje na chupa zote za dawa alizonazo nyumbani ambazo hazina jina, amezifunga vizuri kwenye mfuko, na asimpe mtoto kuzibeba. Tutazipanga nje chini ya mwembe, si ndani ya jengo. Ile inayojulikana tutaiandika. Isiyojulikana tutaiweka kando, hatutaifungua wala kuinusa, wala hatutaimwaga chooni, na tutamwomba Bwana Afya wa kata atuelekeze ipelekwe wapi. Plasta na kalamu za wino mzito tutakuja nazo sisi. Tutaanza saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali.